Nyumba Isiyo na Shamba

Matangazo ya bidhaa za nyumbani katika magazeti ya Kiswahili ya miaka ya 1950 yalikuwa na sura iliyojirudia. Mwanamke aliyevaa gauni safi amesimama karibu na meza au jiko. Mkononi ana kipande cha sabuni, birika la chai au kopo la mafuta. Kando yake yuko mtoto mwenye afya, na mara nyingi mume naye yupo na shati lake jeupe, akingoja chakula au akifurahia nguo zilizotakata. Bidhaa zilibadilika, picha haikubadilika sana. Anayeijua miteremko ya Mlima Kenya kuanzia Embu, kupitia Runyenjes na Chuka hadi Nkubu na Meru mjini, atagundua upesi kilichokosekana. Hakuna jembe, hakuna mzigo wa kuni, hakuna ghala, hakuna shamba. Nako huko, katika miaka hiyohiyo, mwanamke alikuwa mkulima kwanza, na mengine yote yalifuata. Ninachodai ni kwamba kukosekana huko kwa shamba kuna uzito katika historia yetu kuliko gauni na sabuni vilivyochorwa. Wakati matangazo yalipokuwa yakichora nyumba isiyo na shamba, sera za ardhi, za mishahara na za elimu ya wanawake zilikuwa zikimtenga mwanamke na shamba hilohilo kwenye karatasi za serikali. Tangazo halikuyaanzisha mabadiliko hayo, lakini liliyapa sura ya kupendeza, likayafanya yaonekane kama maendeleo ya kawaida.

Tuanze na nyumba ilivyokuwa kabla ya tangazo. Kwa Wameru, Wachuka, Waembu na Wambeere, mke alipoolewa alipata nyumba yake, akagawiwa mashamba ya kulima, na mavuno yake yakaingia katika ghala lake. Mume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, kila moja na moto wake, mashamba yake na akiba yake. Wanaume walifyeka msitu, walijenga, walichunga mifugo, walitundika mizinga ya nyuki na kutunza viazi vikuu na migomba. Wanawake walipanda, walipalilia na kuvuna wimbi, mtama, maharagwe na njahi, na baadaye mahindi; walibeba maji na kuni, walipika, walilea, na ziada waliipeleka sokoni kubadilishana na majirani wa nyanda za chini. Sisemi haya ili kuipamba hali hiyo. Ardhi ilikuwa ya ukoo, wenye kauli juu yake walikuwa wanaume, na mzigo wa kazi haukugawanywa kwa haki. Hata hivyo haki ya mke kuyatumia mashamba ya nyumba yake ilikuwa imara. Yalitarajiwa kurithiwa na wanawe, na mume aliyemnyang'anya ili ampe mke mwingine alijua kwamba wazee wangemwita ajieleze. Jiko lilitegemea ghala, ghala lilitegemea jembe, na vyote vitatu vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kuitenga kazi ya nyumbani na kazi ya shamba kungekuwa jambo lisiloeleweka.

Bidhaa za viwandani zilifika mapema. Boma la Embu lilianzishwa mwaka 1906 na la Meru mwaka 1908, na maduka ya Wahindi yakafuata, yakiuza blanketi, chumvi, vibiriti, sukari na sabuni ya mche. Fedha za kununulia vitu hivyo zilitokana na kazi za mishahara, na kuanzia katikati ya miaka ya 1930 zikaanza kutokana na kahawa pia, kwa kuwa Meru na Embu, pamoja na Kisii, zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa ya arabika, tena kwa masharti makali. Baada ya Vita Kuu ya Pili soko lilipanuka. Askari walirudi na akiba zao na mazoea mapya ya chai, sigara na sabuni ya kuogea. Kampuni ya East African Industries, iliyoanza wakati wa vita kama mradi wa serikali, iliingia katika himaya ya Unilever miaka ya 1950, na mafuta ya Kimbo na majarini ya Blue Band yakaenea katika maduka ya vijijini pamoja na sabuni za Sunlight, Lifebuoy na Lux. Mfanyabiashara sasa hakungoja mteja aje mwenyewe. Alimfuata kwa gazeti, kwa mabati yaliyopakwa rangi na kupigiliwa kwenye kuta za maduka, na kwa magari ya sinema yaliyosimama sokoni jioni.

Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi hupuuzwa. Msomaji wa gazeti la Kiswahili katika miaka hiyo kwa kawaida alikuwa mwanamume. Baraza, gazeti la kila wiki lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 na wenye East African Standard, lilisomwa na walimu, makarani, wahubiri, askari wastaafu na wenye maduka. Shule za misheni za Chogoria, Kaaga, Kabare na Kigari ziliwapokea wasichana, lakini wachache kuliko wavulana, na wengi wao waliacha masomo mapema. Kwa hiyo tangazo la sabuni ya kufulia lilimwonyesha mwanamke huku likisema na mwanamume. Liliahidi kwamba akiinunua bidhaa hii, atakuwa na mke wa namna fulani na atajulikana kuwa mtu wa namna fulani. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu sabuni na vipodozi Zimbabwe, ameonyesha jinsi wauzaji walivyozigawa hata sabuni za kuogea kijinsia, Lifebuoy ikielekezwa kwa mwanamume mfanyakazi na Lux kwa mwanamke mwenye kutaka urembo. Kampuni ni hiyohiyo, Unilever, na miaka inakaribiana. Usafi wa mwanamume ulihusishwa na kazi na nguvu, wa mwanamke ukahusishwa na kupendeza na kutunza wengine. Jasho la mwanamke anayepalilia kahawa halikuwa na sabuni yake, kwa sababu katika ulimwengu wa tangazo mwanamke huyo hakuwapo.

Huenda mtu akasema kwamba ndivyo matangazo yalivyokuwa kote duniani, na Embu haikuwa na upekee wowote. Kweli, picha yenyewe ilitoka mbali. Nchini Uingereza, ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, iliyoweka msingi wa bima ya jamii, ilimhesabu mwanamke aliyeolewa kama mtu anayemtegemea mume. Nchini Marekani, Betty Friedan alichapisha The Feminine Mystique mwaka 1963 akichambua jinsi magazeti ya wanawake na wauza bidhaa walivyomsifu mama wa nyumbani mpaka asione kazi nyingine inayomfaa. Lakini picha ileile inapohamishiwa mahali pengine hufanya kazi nyingine. Marekani na Uingereza tangazo lilimwita nyumbani mwanamke aliyefanya kazi kiwandani na ofisini wakati wa vita, katika nchi ambazo watu wengi tayari walikuwa wakiishi mijini kwa mshahara. Meru na Embu hapakuwa na kiwanda cha kumwondoa mwanamke. Mahali pekee ambapo angeweza kuondolewa ni shambani, na bila shamba hilo familia isingekula. Kwa hiyo kumchora mama wa nyumbani asiye na jembe kulikuwa kuficha kazi inayoendelea kufanyika, na kazi iliyofichwa ni rahisi kuchukuliwa bila malipo.

Ulinganisho wa picha na maisha unakuwa mkali zaidi tukikumbuka miaka yenyewe. Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952 ili kuwakabili wapiganaji waliopinga utawala wake. Kuanzia mwaka 1954 serikali iliwahamisha watu wa Kikuyu, Embu na sehemu za Meru kwa nguvu kutoka kwenye maboma yao na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa ua na mitaro. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamepangwa katika vijiji zaidi ya 800. Waume wengi walikuwa kizuizini, msituni au katika kikosi cha homgadi, na kazi za kulazimishwa ziliwaangukia wanawake. Kwenye mpaka wa msitu wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki la takriban maili 50 ili kuwatenga wapiganaji na vijiji, na sehemu kubwa ya udongo huo ilitolewa kwa majembe na karai za wanawake. Walichimba pia matuta ya kuzuia mmomonyoko, walijenga barabara, kisha wakapewa saa chache tu kwenda shambani kutafuta chakula kabla ya amri ya kutotoka nje. Wanawake wa Mutira, katika eneo ambalo wakati huo lilikuwa Wilaya ya Embu, walimsimulia Jean Davison maisha yao, naye akayachapisha mwaka 1989. Kazi ya matuta na maisha ya kijijini yamo katika simulizi hizo. Huo ndio mwongo ambao matangazo yalimchora mwanamke akipanga vikombe mezani.

Katika vijiji hivyohivyo picha ya tangazo ilipata mwalimu. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya maendeleo ya jamii, ikiongozwa mwanzoni na wanawake wa Kizungu, na viongozi wa klabu zake walifunzwa katika Shule ya Jeanes, Kabete. Kufikia 1954 klabu zilikuwa zaidi ya 500. Masomo yalikuwa kushona, kufuma, kupika na kuoka, usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Klabu ziligawa maziwa na chakula kwa watoto wenye njaa, na serikali haikuficha nia yake ya kuzitumia kuwavuta wanawake waache kuwaunga mkono wapiganaji. Ni haki kukiri kwamba klabu zilifundisha pia bustani za mboga, na kwamba wanawake wengi walijifunza humo kuendesha mikutano na kutunza fedha za chama. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza Maendeleo. Lakini mpangilio wa masomo ulisema jambo moja. Mwanamke aliyekesha akiwaza mbegu na mvua aliitwa darasani kujifunza kudarizi vitambaa vya meza, naye mumewe, au mzee aliyebaki, ndiye aliyefuatwa na bwana shamba.

Mwaka 1954 unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu hati mbili zilizotoka mwaka huo zilieleza kwa lugha ya serikali kile ambacho tangazo lilieleza kwa picha. Ya kwanza ni mpango wa R. J. M. Swynnerton wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Ulilenga familia iwe na shamba lake lililounganishwa, lenye hati, linaloweza kuilisha na kuiingizia takriban pauni 100 kwa mwaka. Ya pili ni ripoti ya Kamati ya Mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter, iliyopendekeza mshahara wa chini wa mjini uhesabiwe kwa mahitaji ya familia badala ya mahitaji ya mwanamume asiye na mke. Mapendekezo yote mawili yalikuwa na mantiki, na la pili lilikuwa la huruma. Mshahara wa kapera ulikuwa umebebwa miaka mingi na mashamba ya wake vijijini, ambao walilisha watoto ili mwajiri wa Nairobi asilipe gharama hiyo. Badala ya kuitambua kazi ya mke na kuilipia, suluhisho lilikuwa kumhesabu yeye kama mdomo wa kulishwa na mumewe. Kadhalika shamba la Swynnerton lilikuwa la familia kwenye maelezo, lakini hati ilihitaji jina, na jina lililoandikwa kwa kawaida lilikuwa la mume. Sheria ya kuandikisha ardhi ya mwaka 1959 iligeuza desturi hiyo kuwa umiliki kamili. Haki ya mke ya matumizi, iliyokuwa ikilindwa na wazee na majirani, haikupata mahali pa kuandikwa.

Kahawa ilifuata njia hiyohiyo. Mwanachama wa ushirika alikuwa mwenye shamba aliyeandikishwa, na malipo yalikwenda kwake. Mkewe alichuma buni, akazibeba hadi kiwandani, akapanga foleni kwenye mizani, kisha akasubiri aone ni kiasi gani kingefika nyumbani baada ya mume kupitia sokoni. Hapa ndipo tangazo lilipopata mteja wake. Mwanamume aliyepokea malipo ya kahawa ndiye aliyeambiwa kwamba mume mwema hununua mafuta haya na sabuni hii. Fedha iliyotokana kwa sehemu kubwa na mikono ya mke ilimrudia mke kama zawadi, naye akatakiwa kushukuru. Sidhani kama kuna mfano unaoeleza vizuri zaidi jinsi picha na uchumi vilivyosaidiana. Picha ya mume mkarimu na mke mwenye furaha ingekuwa na ukweli mwingine kabisa kama risiti ya kahawa ingekuwa na majina mawili.

Kuna mahali ambapo nyumba isiyo na shamba ilijengwa kihalisi, na matokeo yake yakaandikwa. Mradi wa mpunga wa Mwea, ambao leo uko Kirinyaga, ulianza mwaka 1954 kwa nguvu za wafungwa wa kizuizini, wakati eneo hilo likiwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Kila mpangaji, kwa kawaida mwanamume, alipewa takriban ekari 4 za mpunga, na familia zikawekwa katika vijiji vilivyopangwa. Mradi ulisifiwa kwa mavuno. Lakini Jane Hanger na Jon Moris, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, waliwatazama wanawake na kukuta hali nyingine. Kazi ya wake ilihitajika sana katika mpunga, ilhali malipo yalikwenda kwa waume. Nafasi ya kulima chakula cha nyumbani ilikuwa finyu, na kuni, ambazo mlimani mwanamke aliokota, huko zilikuwa za kununuliwa. Mke alilazimika kumwomba mume fedha ya vitu ambavyo mama yake alivitoa ghalani mwake. Wengine walipata sehemu ya mpunga kama ujira wa kazi yao wakauza kimyakimya nje ya utaratibu wa mradi. Kwa kipimo cha tangazo, Mwea ilikuwa imefanikiwa, kwani mume alipata fedha taslimu na mke akanunua mahitaji dukani. Kwa kipimo cha mwanamke mwenyewe, alikuwa anafanya kazi nyingi kuliko awali, na anachokiamua kilikuwa kimepungua.

Kuna mapingamizi kadhaa ambayo hoja hii lazima iyajibu. La kwanza ni kwamba matangazo hayakuwafikia wanawake wa kawaida. Mwanamke wa Tigania au wa Siakago hakununua gazeti, na pengine hakusoma. Ni kweli, na yeyote anayesema kwamba tangazo la gazeti liliwabadilisha wanawake wa vijijini peke yake anatia chumvi. Hata hivyo waliolisoma ndio walioandika majina kwenye madaftari ya ushirika, walioketi katika mabaraza ya ardhi, waliofundisha shuleni na kuhubiri Jumapili. Ikiwa picha ya mke wa kisasa ilikaa vichwani mwao, ilitosha. Isitoshe, sijasema kwamba maofisa wa ardhi na wachoraji wa matangazo waliketi meza moja wakapanga njama. Hawakuhitaji. Walilelewa katika wazo moja kuhusu familia, kwamba mume hutafuta na mke hutunza, na kila mmoja alilitumia katika kazi yake bila kumwuliza mwenzake.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Bidhaa zenyewe ziliwasaidia wanawake. Sufuria ya aluminiamu hupata moto upesi na haivunjiki kama chungu. Sabuni huokoa watoto na magonjwa. Kununua mafuta ya kupikia kulipunguza saa za kukamua na kuchemsha, na mashine ya kusaga ilimpumzisha mwanamke na jiwe. Mwanamke aliyevitaka vitu hivyo hakudanganywa na mtu, alijua uzito wa kazi aliyotaka kuiepuka. Nakubali yote hayo, na naona ndiyo maana matangazo yalifanikiwa. Lakini kutaka sufuria si sawa na kutaka kuwa tegemezi. Tangazo liliviunganisha viwili hivyo kana kwamba haviachani, ilhali wanawake wenyewe waliviachanisha. Tazama mkebe wa Kimbo. Kwenye tangazo ulikuwa wa jikoni. Mafuta yalipokwisha, mkebe ulioshwa ukapelekwa sokoni, ukawa kipimo cha maharagwe, njegere na mahindi, na mfanyabiashara mwanamke akajifunza kuujaza kwa kilele mbele ya mteja wa kudumu na kuusawazisha kwa kiganja mbele ya mpita njia. Cherehani nayo ilitangazwa kama rafiki wa mama nyumbani, lakini kwenye baraza za maduka ya Embu na Meru mashine hizo ziliendeshwa zaidi na mafundi wanaume kwa malipo. Chombo kilekile kilikuwa pambo la nyumba mikononi mwa mwanamke na mtaji mikononi mwa mwanamume, na wanawake waliokigeuza kuwa mtaji walifanya hivyo bila msaada wa tangazo.

Mfano mwingine ni mchungu, lakini hauwezi kuachwa. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, kwa msukumo wa utawala wa kikoloni, lilipiga marufuku tohara ya wasichana Meru. Badala ya kutii, wasichana wengi walijikata wenyewe au wakakatana wao kwa wao, na harakati hiyo ikaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Mwanahistoria Lynn Thomas, aliyeichunguza kwa kina, ameeleza kwamba walitumia wembe wa dukani, na kwamba katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Wembe ulikuwa bidhaa ya mwanamume wa kisasa anayenyoa ndevu. Mtu anaweza kuilaani tohara hiyo, kama sheria ya Kenya inavyofanya leo na kwa sababu nzito za afya na haki, na bado akaona kwamba wasichana hao hawakuwa karatasi tupu ya kuchorwa na serikali, misheni au muuza bidhaa. Walichukua kilichouzwa dukani wakakitumia kwa sababu zao, hata pale sababu hizo zilipowaumiza. Kwa hiyo nguvu ya tangazo haikuwa katika kuamuru tabia. Ilikuwa katika kuamua ni tabia gani ionekane hadharani kama maisha ya kawaida, na ipi ibaki isiyosemwa.

Pingamizi la tatu hutoka kwa watetezi wa mila. Wao husema kwamba heshima ya mwanamke ya kuongoza jiko haikuletwa na Mzungu, kwani mke mwema alisifiwa tangu zamani kwa nyumba safi na chungu kisichokauka. Nami sipingi. Lakini sifa hiyo ilibebwa na ghala. Mke alisifiwa kwa kulisha wageni kwa sababu chakula kilikuwa chake cha kutoa. Wanaotetea jiko leo kwa jina la mila, huku wakinyamaza kuhusu mashamba ya nyumba, wanatetea nusu iliyobakizwa na tangazo na kuiita urithi wa mababu. Mila kamili ingemgharimu mume zaidi kuliko picha ya mwaka 1955, kwani ingemlazimu aulize kabla ya kuuza kipande cha ardhi ambacho mkewe analima.

Uhuru haukuiondoa picha hiyo. Sura za Kiafrika na sauti za Kiafrika zilichukua nafasi katika magazeti na redioni, na hilo lilikuwa jambo la kujivunia, lakini jiko lilibaki palepale. Kathleen Staudt, aliyefanya utafiti magharibi mwa Kenya katikati ya miaka ya 1970, alikuta mashamba yaliyosimamiwa na wanawake yakipata huduma chache za ugani kuliko yale yenye mwanamume, hata pale wanawake walipokuwa wakulima hodari. Sheria nazo zilichelewa. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi moja maarufu kwamba mke anayedai sehemu ya mali lazima aonyeshe mchango wa fedha, na kazi yake nyumbani haikutosha. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, ikatangaza usawa wa wanandoa. Kisha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaorodhesha aina za mchango usio wa fedha: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba. Kwamba kazi ya shamba ilihitaji kutajwa kwa jina lake, katika nchi iliyolishwa na majembe ya wanawake, ni ushahidi wa jinsi ilivyokuwa imefutwa vizuri.

Hata hivyo sheria hiyo haikumaliza jambo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali, na kwamba kila upande uthibitishe ulichochangia. Kanuni hiyo ni ya haki ikiwa pande zote mbili zina kumbukumbu. Lakini mwanamke wa Runyenjes au wa Nkubu aliyechuma kahawa miaka 40 atatoa karatasi gani? Hati ina jina la mume, daftari la ushirika lina jina la mume, na magazeti ya ujana wake yanamwonyesha akimimina chai. Ndiyo maana matangazo ya zamani hayafai kuchapishwa upya kama vichekesho vya enzi zilizopita au kumbukumbu tamu za akina mama zetu. Yasomwe pamoja na daftari za ardhi na risiti za kahawa, yakiwa sehemu ya jalada moja, na popote jalada hilo linapomwonyesha mwanamke bila jembe, ushahidi wa wanawake wenyewe na wa majirani waliowaona shambani upewe uzito uleule ambao karatasi za wanaume zimepewa tangu mwaka 1959.